Tembo Aliyemuua Mwenye Tembo

Kwetu Pwani neno tembo lina maana mbili: ndovu wa mwituni, na kinywaji kigemwacho mnazini. Maisha ya mlowezi George Hurst yalizikusanya zote mbili.

Mwaka 1922 Hurst na nduguye Charles walianzisha kiwanda cha bia huko Ruaraka, Nairobi. Wazee wa Embu, pande za Karurumo, walikuwa na pombe yao ya miwa na asali, ya posa na mabaraza. Bia ya chupa ilikuwa ya Wazungu. Sheria ya mkoloni ilimkataza Mwafrika kuinywa hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Mwaka 1923, kabla hajala matunda ya kazi yake, Hurst alikwenda kuwinda, ndovu akamuua. Wenziwe wakaiita bia Tusker, yaani ndovu mwenye pembe, na picha yake ikabandikwa chupani.

Ulevi ni haramu, nasi hatuna haja ya kuuonja wala kuusifu. Lakini kisa hiki kina mazingatio. Leo ndovu wa chupani anajulikana kila soko. Hurst wamjuao ni wachache. Mali hurithiwa na wengine. Mtu huondoka na amali zake.