Olikoye Ransome-Kuti: Broda ya Fela Aliyekataa Kuficha Ukimwi

Msee yeyote wa Afrobeat anamjua Fela Kuti. Broda yake mkubwa, Olikoye, hatajwi sana, na huyo ndiye aliyepewa kazi ngumu zaidi kwa hiyo familia.

Alizaliwa 1927 huko Ijebu Ode, Nigeria. Buda yao alikuwa mchungaji na mwalimu mkuu. Mathe, Funmilayo, ndiye aliongoza akina mama wa Abeokuta kupinga ushuru mpaka mfalme wao akaachia kiti 1949. Olikoye akaenda kusomea udaktari Dublin, Ireland. Fela naye alitumwa London 1958 asomee udaktari, kufika huko akachagua muziki. Beko, kitinda mimba, akawa daktari pia.

Olikoye alirudi Lagos akawa daktari wa watoto, baadaye profesa chuoni. Kilichomkera ni hiki: watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara na surua, vitu ambavyo maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, au sindano moja ya chanjo, vingezuia. Na doh ya serikali ilikuwa inamezwa na hospitali kubwa za mjini.

1985 Babangida akapindua serikali, akampa Olikoye uwaziri wa afya. Hapo ndipo mambo yalikuwa noma. Miaka minane tu nyuma, wanajeshi walikuwa wamevamia na kuchoma nyumba ya Fela, wakamrusha mathe wao dirishani. Alikufa 1978. Sasa kifungua mimba wake wa kiume anaketi baraza moja na majenerali! Fela aliendelea kuwachana wanajeshi kwa nyimbo, na 1992 serikali hiyo hiyo ikamtia Beko ndani. Kuna watakaomwita Olikoye msaliti. Mimi naona alipiga hesabu ya watoto, akaamua kumeza hiyo shubiri.

Kwa miaka kama saba alisukuma kitu kimoja: afya ianzie kijijini na mtaani, si kwa jengo la ghorofa mjini. Zahanati za wilaya, chanjo ya bure kwa watoto, mama anyonyeshe bila kuchanganya na maziwa ya mkebe, na kila mama akifa akijifungua, kifo kiandikwe. Alipotoka, chanjo zikaporomoka vibaya.

Lakini kitu kilichomfanya akumbukwe alikifanya akiwa hana cheo. Fela alikufa 2 Agosti 1997, akiwa na miaka 58. Jamaa alikuwa amepuuza ukimwi hadharani, kondomu hakutaka kusikia. Familia ingeweza kusema aliugua kwa muda mfupi, vile matangazo ya vifo husema hata huku kwetu, na hakuna mtu angeuliza. Olikoye aliita waandishi wa habari akawaambia wazi kwamba mdogo wake ameuawa na ukimwi.

Mashabiki wengine walikasirika, wakakataa kabisa kuamini. Kumbuka enzi hizo jina la huo ugonjwa lilikuwa linanong'onwa tu. Hapa Kenya, Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa 1999, miaka miwili baadaye.

Olikoye alifariki London, Juni 2003, akiwa na miaka 75. Beko akamfuata 2006.