Cesare Beccaria na Adhabu ya Kifo

Mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake hakuwa jemadari wala mfalme. Alikuwa mtu mwenye haya, tena mvivu wa kushika kalamu. Lakini kitabu chake kimoja kidogo kiliwafanya watawala wa Ulaya wafikiri upya juu ya kitanzi.

Cesare Beccaria alizaliwa katika mji wa Milan, Italia, tarehe 15 Machi, 1738. Wakati ule mji huo ulitawaliwa na Austria. Wazazi wake walikuwa watu wa ukoo bora. Alisomeshwa na mapadre Wajesuiti mjini Parma, akasifiwa kwa hesabu. Kisha akasoma sheria huko Pavia, akamaliza mwaka 1758.

Siku zile hukumu zilikuwa za kutisha. Mshtakiwa aliteswa mpaka akiri, na aliyehukumiwa kufa aliuawa mbele ya watu, pengine kwa kuvunjwa mifupa juu ya gurudumu. Mjini Milan palisimama nguzo ya aibu, ukumbusho wa tauni ya mwaka 1630. Kinyozi mmoja, Gian Giacomo Mora, alisingiziwa kwamba alitengeneza dawa ya kueneza tauni. Aliteswa, akakiri jambo asilolitenda, akauawa. Nyumba yake ikabomolewa, na nguzo ikasimamishwa mahali pake. Haikuondolewa mpaka mwaka 1778.

Beccaria alikuwa na marafiki wawili, Pietro na Alessandro Verri, watu wa tumbo moja. Alessandro alikuwa na kazi ya kuwaangalia wafungwa, akawasimulia wenzake aliyoyaona gerezani. Pietro akamhimiza Beccaria aandike. Mwaka 1764, alipokuwa na umri wa miaka 26, kitabu chake juu ya makosa na adhabu kilipigwa chapa mjini Livorno. Jina lake hakulitia, kwa sababu aliogopa.

Hoja zake zilikuwa wazi. Mateso humwokoa mwovu mwenye nguvu na kumwangamiza mnyonge asiye na kosa. Hakuna mtu aliyewapa wenzake mamlaka juu ya uhai wake. Sheria inayochukia uuaji haifai kuua yenyewe. Watu wanaotazama mtu akiuawa husahau upesi, bali mfungwa anayefanya kazi ngumu maisha yake yote ni onyo la kila siku. Tena mhalifu huzuiwa zaidi na hakika ya kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Hata hivyo alikubali kwamba nchi ikiwa katika machafuko, na mfungwa akiwa bado hatari kwa usalama wake, pengine kumwua kungekuwa lazima.

Mwaka 1766 Voltaire wa Ufaransa aliandika maelezo ya kukisifu kitabu hicho, na mwaka huo huo Kanisa Katoliki likakitia katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Beccaria aliitwa Paris apewe heshima, lakini akamtamani mkewe, akarudi nyumbani upesi. Tangu mwaka 1771 alikuwa mtumishi wa serikali mjini Milan.

Tarehe 30 Novemba, 1786, Leopold, mtawala wa Toscana, aliifuta adhabu ya kifo katika nchi yake, ingawa baada ya miaka michache ilirudishwa kwa makosa fulani. Mwaka 1792 Beccaria alikuwa katika halmashauri ya kutengeneza sheria za Lombardia. Wengi walitaka kifo kibaki. Yeye na wenzake wawili wakakataa, wakisema kosa la mahakama haliwezi kusahihishwa mtu akiisha kufa. Alifariki tarehe 28 Novemba, 1794.

Katika Afrika yetu, Rwanda iliifuta adhabu hiyo mwaka 2007, na Burundi mwaka 2009. Wako wanaosema kwamba aliyeua naye auawe, kwa maana jamaa za marehemu wanalia. Kilio chao ni cha haki. Lakini hakimu ni mwanadamu, naye hukosea. Nguzo ya Milan iliondolewa, lakini Mora hakurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.