Martin Kayamba: Karani, Msafiri na Rais wa Chama cha Watumishi Waafrika

1.0 Utangulizi

Katika maandishi kuhusu vyama vya Waafrika nchini Tanzania, jina la Martin Kayamba Mdumi hutajwa kwa kawaida kama utangulizi wa habari nyingine. Wanahistoria humtaja kwa kuwa chama alichokiasisi mjini Tanga mwaka 1922 kilitangulia African Association ya mwaka 1929, ambayo nayo ilitangulia TANU ya mwaka 1954. Wanafasihi humtaja, kama humtaja, kwa sababu ya kitabu kimoja cha safari kilichopigwa chapa London mwaka 1932. Kila upande humchukua nusu na kuiacha nusu nyingine. Makala haya yanazichukua nusu zote mbili pamoja, kwa sababu kazi ya Kayamba kama rais wa chama na kazi yake kama mwandishi zilitokana na jambo moja: alikuwa mtu wa lugha mbili katika utawala ambao ulizigawia lugha hizo kazi tofauti. Kiingereza kilimpandisha cheo. Kiswahili ndicho kilichompatia watu wa kuwasemea.

2.0 Malezi na miaka ya kuhamahama

Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, tarehe 2 Februari 1891. Asili yake hasa ilikuwa Bondei, na kwa upande wa babu yake alihesabu nasaba iliyofika kwenye ukoo wa Kilindi uliotawala Usambara kutoka Vuga. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mwalimu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, na alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache wa kizazi chake waliopelekwa kusoma Uingereza, katika shule ya Bloxham. Hivyo mtoto huyu alizaliwa katika nyumba ambamo safari ya kwenda Ulaya haikuwa hadithi ya ajabu, bali jambo lililokwisha kumpata baba.

Mahali alipozaliwa pana maana kwa mwanafunzi wa isimu. Misheni hiyo ndiyo iliyokuwa na mitambo ya kupigia chapa vitabu vya Kiswahili kule Unguja, na ndiko Edward Steere alikofanyia kazi yake ya sarufi na tafsiri katika lahaja ya Kiunguja. Kayamba alisoma katika chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, ambako vijana kutoka Bondei, Newala na pwani ya Ziwa Nyasa walikaa pamoja wakiwa hawana lugha nyingine ya kuwaunganisha isipokuwa Kiswahili. Wajumbe wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 walipoamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, waliichagua lahaja ambayo wahitimu wa Kiungani walikuwa wamekwisha kuiandika kwa zaidi ya kizazi kimoja. Hapana budi kulikumbuka jambo hili kila inaposemwa kwamba Usanifishaji ulikuwa kazi ya Wazungu peke yao.

Baada ya masomo, Kayamba hakutulia. Alifanya kazi katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, akaenda Uganda, akarudi Unguja, mara akiwa karani, mara akijaribu biashara. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914 vilimkuta upande wa Wajerumani, na kama walimu na waumini wengi wa misheni ya Kiingereza, ambao walishukiwa kuwa wapelelezi, aliwekwa kifungoni. Katika tawasifu yake fupi iliyotoka mwaka 1936, ndani ya mkusanyo wa maisha ya Waafrika kumi uliohaririwa na Margery Perham, miaka hii yote ya kazi, safari na kifungo imepewa nafasi kubwa. Inaonekana yeye mwenyewe aliiona kuwa ndiyo shule yake ya pili.

3.0 Tanga na chama cha mwaka 1922

Mwaka 1917 Kayamba aliingia katika utumishi wa serikali mpya ya Waingereza mjini Tanga. Alianza na kazi ya ukalimani, akapanda ngazi hadi kuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya. Kupanda huku hakukuwa jambo dogo. Katika maboma mengi ya wakati huo nafasi za ukarani wa kati zilishikwa na Waasia, na mishahara ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Tanga ilikuwa ofisi ya mfano ambako kazi zote za ukarani ziliwekwa mikononi mwa Waafrika chini ya Kayamba. Mpango huo uliungwa mkono na Philip Mitchell, ofisa wa utawala aliyekuwa Tanga miaka hiyo, na ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda na kisha wa Kenya. Urafiki wa Mitchell ulimfaa Kayamba sana, na ulimgharimu pia, kama itakavyoonekana.

Ni katika mazingira haya kilipozaliwa, mwaka 1922, chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika, ambacho kwa kifupi cha Kiingereza kiliitwa TTACSA. Kayamba alikuwa mwasisi na rais wake. Kwa sura ya nje kilikuwa chama cha kujiendeleza: wanachama walikuwa na klabu yao, wakasoma magazeti, wakacheza mpira. Hata hivyo, nyuma ya mpira na magazeti palikuwa na madai ya wazi juu ya hadhi ya karani Mwafrika, mshahara wake na nafasi yake mbele ya mwenziwe wa rangi nyingine.

Jambo lisilosisitizwa vya kutosha ni nani hasa waliokaa pamoja katika klabu hiyo. Tanga ya mwaka 1922 ilikuwa na makarani wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa watoto wa shule ya serikali ya Wajerumani, iliyofunguliwa mjini humo katika miaka ya 1890 na ambayo ilikuwa ikipiga chapa gazeti la Kiongozi. Hawa wengi wao walikuwa Waislamu. Waliandika Kiswahili kwa hati za Kilatini kwa ufasaha mkubwa, lakini Kiingereza kwao kilikuwa kigeni. Wa pili walikuwa Wakristo wa Kiungani na Magila, ambao Kiingereza kiliwafungulia milango mara bendera ilipobadilishwa. Mabadiliko ya utawala yangeweza kuwafanya mahasimu. Kundi moja lilikuwa limepoteza thamani ya elimu yake katika muda wa miaka michache, na kundi jingine lilikuwa limeipata. Chama cha Kayamba kiliwapokea wote, Waislamu kwa Wakristo, bila kuuliza kabila. Kilichowaleta mezani ni kazi, na lugha waliyoweza kujadiliana sawasawa, bila mmoja kumzidi mwenziwe, ilikuwa Kiswahili. Barua za kwenda serikalini zilikuwa na lugha nyingine, na hapo rais wao alikuwa na ujuzi ambao wengi wao hawakuwa nao.

Uhamisho wa makarani uliifanya hali hii iwe ya nchi nzima. Karani wa Bondei aliyepelekwa boma la Singida au la Manyoni hakuweza kutazamia kujifunza Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo kabla ya barua nyingine ya uhamisho kumfikia. Akifika, aliwakuta makarani wengine wawili watatu waliotoka kwingine kabisa, na pamoja nao alikuwa na mambo mawili tu ya hakika: daraja la mshahara na Kiswahili. Wilaya za bara, ambako lugha hii haikuwa ya wenyeji, zinaeleza vizuri kuliko Tanga yenyewe kwa nini chama cha kazi kiliweza kuwa cha Tanganyika wakati vyama vya kikabila havikuweza.

Palikuwa na kikwazo, nacho kilitoka juu. Donald Cameron, aliyekuwa Gavana kuanzia mwaka 1925 hadi 1931, alijenga utawala wake juu ya machifu. Katika mpango huo msemaji halali wa Waafrika alikuwa mtawala wa jadi, na karani msomi hakuwa na kiti kinachoeleweka. Kayamba alipata nafasi katika kamati ya ushauri juu ya elimu ya Waafrika, na alitunukiwa nishani ya M.B.E.; lakini heshima hizi alipewa mtu mmoja mmoja. Serikali ilimkubali rais kwa urahisi zaidi kuliko ilivyokikubali chama.

4.0 London, 1931

Mwaka 1931 Kamati Teule ya Pamoja ya Bunge la Uingereza ilikaa London kuchunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Tanganyika ilipeleka mashahidi watatu Waafrika: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba. Kutoka Kenya walikwenda Koinange wa Mbiyu, Ezekiel Apindi na James Mutua, na Uganda iliwakilishwa, miongoni mwa wengine, na Serwano Kulubya. Ukiwatazama wale watatu wa Tanganyika, utaona sera ya Cameron imekaa kwenye safu moja: chifu, mtumishi mkubwa wa utawala wa machifu, na karani wa serikali. Kayamba peke yake hakuwa na milki ya jadi nyuma yake. Wala chama chake hakikumchagua kwa kura kwenda huko. Serikali ndiyo iliyomteua.

Pamoja na hayo, ushahidi wao haukuwa wa kuridhisha kila aliyetaka kusikia vingine. Watatu hawa waliukataa muungano, wakihofia nchi yao kuingizwa katika siasa za masetla wa Kenya, ambako ardhi na kazi za Mwafrika vilitawaliwa kwa masharti ambayo watu wa Tanganyika hawakuyataka. Kamati ilitoa taarifa yake mwezi Oktoba mwaka huohuo, ikasema kwamba wakati wa muungano haujafika. Haitakuwa sahihi kudai kwamba Waafrika wachache walioitwa ndio waliouzuia; upinzani ulikuwapo pia miongoni mwa maofisa wa Tanganyika, Cameron akiwa mbele. Lakini sauti yao iliandikwa katika kumbukumbu za Bunge, na hilo halikuwa limepata kutokea.

Kuna kinaya kidogo hapa. Wakati Kayamba akiukataa muungano wa serikali, Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa ikiziunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja katika tahajia moja na vitabu vya aina moja. Kitabu chake mwenyewe, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotolewa na Sheldon Press mwaka 1932, ni mmoja wa mifano ya mwanzo ya nathari ya Mwafrika katika kipindi hicho. Kiliitangulia kwa miaka miwili Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa na shirika hilohilo.

Habari za safari katika Kiswahili zilikuwapo kabla yake. Mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901 una maelezo ya Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Tofauti iko katika nafasi ya msimulizi. Selim alisafiri akiwa mtumishi wa Mzungu, na masimulizi yake yalikusanywa na Mzungu. Kayamba alikwenda kama shahidi aliyeitwa na Bunge, akaandika kwa mkono wake, kwa wasomaji aliowajua. Jina la kitabu linastahili kutazamwa kisarufi. Kiambishi cha nafsi ni tu-, si ni-. Na kirejeshi ni -vyo-, ambacho hapa hudokeza namna ya kuona na namna ya kutenda kuliko vitu vilivyoonwa. Tena kitenzi cha pili ni kufanya. Msafiri hakuridhika na kuorodhesha maajabu ya London. Alitaka ijulikane kwamba walikwenda huko kwa kazi. Nafsi hiyo ya wingi, kwa juu, ni ya wale watatu. Lakini karani wa Tanga au wa Singida aliyekishika kitabu hicho angeweza kujihesabu ndani yake bila kuvunja kanuni yoyote ya lugha.

5.0 Sekretarieti

Mwaka 1932 Kayamba alihamishiwa Sekretarieti, Dar es Salaam, katika cheo cha juu kuliko alichokuwa nacho Mwafrika mwingine yeyote katika utumishi wa serikali ya Tanganyika wakati huo. Kwa hesabu za kazi, alikuwa amefika. Kwa hesabu za chama, mambo ni mengine. African Association ilikuwa tayari imeanzishwa mjini humo, Cecil Matola akiwa rais wake wa kwanza, na iliwapokea wafanyabiashara na watu wa mjini pamoja na makarani. Haikujengwa juu ya jina la Kayamba. Ukaribu wake na maofisa, uliokuwa silaha kule Tanga ambako karani alihitaji mtu wa kumfikishia neno lake, katika mji mkuu ulifanana zaidi na ukuta. Tena kazi ya Sekretarieti ilikuwa ya majalada na Kiingereza. Mkalimani aliyewahi kusimama kati ya boma na watu sasa alikaa mahali ambapo watu hawakufika.

Ni rahisi kumhukumu kwa macho ya baada ya uhuru na kumwita mtu wa serikali. Hukumu hiyo inasahau kwamba mtumishi wa serikali aliyesema kwa niaba ya watumishi alikabiliwa na mtego uleule hata miaka ishirini baadaye. Rashidi Kawawa, aliyekuwa rais wa chama cha watumishi Waafrika cha miaka ya 1950, TAGSA, ilimbidi aache kazi ya serikali ndipo awe huru kuongoza harakati za wafanyakazi na za siasa, kwa kuwa watumishi walikatazwa kujiunga na TANU. Kayamba hakuwa na TANU ya kumkimbilia, wala shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

Alistaafu mwishoni mwa miaka ya 1930, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alikuwa ameacha mswada juu ya matatizo ya Mwafrika, ambao ulitolewa London mwaka 1948 kwa jina la African Problems. Mswada huo aliuandika kwa Kiingereza.