Plante: Kipa aliyeitwa mwoga, akabeba makombe sita

UKIWA jukwaani Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, kipa akigongwa kichwa na kulala chini, dakika ya kwanza watu wananyamaza. Ya pili kelele zinaanza kwamba anapoteza muda, anyanyuke acheze. Kwenye viwanja vyetu vya mtaani ndiyo balaa zaidi. Kipa anamwagiwa maji, anafungwa kitambaa, anarudishwa langoni. Akikataa, kuanzia siku hiyo anaitwa mwoga.

Jacques Plante aliitwa hivyo pia. Huyu hakuwa mwanasoka, alikuwa kipa wa hoki, ule mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu huko Canada. Sisi wa huku kwenye ukame barafu tunaijua ya kwenye friji tu, lakini kazi ya kipa haina tofauti kubwa. Tofauti ni kwamba hakuna mpira wa ngozi. Kinachopigwa ni kisahani kigumu cha raba chenye uzito wa gramu 170 hivi, na kinaweza kuja kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Enzi za Plante, makipa walikisubiri uso ukiwa wazi.

Plante alizaliwa Januari 17, 1929 katika jimbo la Quebec, mtoto wa kwanza kati ya 11. Alikuwa na pumu. Alianza kama beki, lakini pumzi ilimkatalia kuteleza kwenye barafu kwa muda mrefu, akaishia golini. Mama yake alimfundisha kufuma kwa sindano, na hata alipokuwa staa aliendelea kufuma kofia zake mwenyewe.

Msimu wa 1952/53 alianza kuidakia Montreal Canadiens, na msimu huohuo timu ikabeba Kombe la Stanley, taji kubwa kuliko yote kwenye ligi ya NHL. Kipa huyu hakutulia mstarini. Alikuwa anatoka golini kuwahi kisahani na kuwapasia mabeki wake. Mashabiki wa Yanga waliozoea kumuona Djigui Diarra akicheza kwa miguu mbali na lango lake wanajua presha yake. Wakati ule kipa kufanya hivyo ilikuwa kituko.

Lakini uso wake ulilipa gharama. Pua ilivunjika mara nne, mifupa ya mashavu yote mawili ilivunjika, na nyuzi alizoshonwa zilifika kama 200. Akaanza kuvaa kinyago cha kukinga uso mazoezini. Kwenye mechi, kocha wake Toe Blake hakutaka kukiona. Aliamini kingemzuia kuona vizuri na kumfanya abweteke.

Novemba 1, 1959, ugenini New York dhidi ya Rangers, shuti la Andy Bathgate likampata usoni. Damu ikamwagika, akatolewa kwenda kushonwa. Siku hizo timu hazikuwa na kipa wa akiba benchi. Plante akaweka msimamo: bila kinyago harudi. Blake hakuwa na ujanja, akakubali. Plante akarudi na kinyago cha faibaglasi, Montreal ikashinda 3-1.

Makubaliano yalikuwa akivue kidonda kikipona. Kidonda kikapona, jamaa akagoma. Watu wakahoji ujasiri wake, kwamba anaogopa shuti. Yeye alijibu kwa kazi. Timu ikacheza mechi 18 bila kupoteza. Machi 8, 1960 Blake alimuomba acheze bila kinyago dhidi ya Detroit, wakachapwa 3-0. Mechi iliyofuata kinyago kikarudi, na hakikutoka tena. Msimu huo Montreal ilishinda mechi zote nane za mtoano na kubeba Kombe la Stanley kwa mara ya tano mfululizo. Kwa Plante lilikuwa la sita.

Mwaka 1962 akawa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 1963 Montreal ikampeleka Rangers kwa kubadilishana wachezaji, 1965 akastaafu, 1968 akarudi na St. Louis. Fainali ya 1970 dhidi ya Boston, shuti lilimpiga usoni hadi kinyago kikapasuka, akakimbizwa hospitali. Aliamini bila kinyago kile angekufa palepale. Alistaafu moja kwa moja mwaka 1975. Kufikia hapo mjadala ulishaisha: kipa wa mwisho kucheza NHL uso wazi alionekana mwaka 1974.

Plante alifariki kwa saratani ya tumbo Februari 27, 1986 huko Geneva, Uswisi, akiwa na miaka 57. Mwaka 1995 Montreal iliistaafisha jezi yake namba 1.

Kwenye soka tunamkumbuka Petr Čech. Oktoba 2006 alipasuka fuvu Chelsea ikicheza na Reading, akarudi Januari 2007 na kofia ya kukinga kichwa, akadaka nayo hadi alipostaafu mwaka 2019. Cha kushangaza, mwaka huohuo akajiunga na timu ya hoki ya Guildford Phoenix kama kipa, akiwa amefunika uso kama makipa wote wa mchezo ule.

Jumamosi hii ukimuona kipa wa mtaani kwenu ameshika kichwa, usimpigie kelele. Mpe nafasi aseme kama anaweza kuendelea. Akisema hawezi, mwamini.