Hayati Profesa Job Bwayo na safari ndefu ya kuitafuta chanjo ya Ukimwi

JINA la marehemu Profesa Job Bwayo halisikiki sana siku hizi nje ya kumbi za Chuo Kikuu cha Nairobi. Hata hivyo, ni msomi huyu aliyeongoza kikosi cha Wakenya kilichoendesha jaribio la kwanza la chanjo ya Ukimwi kwa binadamu katika nchi yetu, mwaka wa 2001.

Chanjo hiyo haikufua dafu. Bwayo mwenyewe aliuawa mwaka wa 2007 kabla ya kuiona nyingine iliyofanikiwa, na hadi leo ulimwengu haujaipata. Swali linalojitokeza anapokumbukwa ni hili: mtu aliyetumia miaka yake yote ya utafiti kukitafuta kitu ambacho hakikupatikana ameuachia umma nini?

Jibu linataka turudi nyuma. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka wa 1984. Katika miaka iliyofuata, ugonjwa huo ulizungumzwa kwa minong'ono. Wapo waliouona kuwa laana, wapo waliouita ugonjwa wa wageni, na familia nyingi ziliwazika jamaa zao bila ya kutaja kilichowaua. Serikali yenyewe ilikawia. Ni mnamo Novemba 1999 ambapo Rais Daniel arap Moi aliutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa.

Bwayo alikuwa miongoni mwa wahadhiri wa mikrobiolojia ya tiba chuoni Nairobi ambao hawakusubiri tangazo hilo.

Kando ya barabara kuu

Kazi iliyomjenga jina haikuanzia maabara, bali barabarani. Malori yaliyobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo yalipita Athi River, nje ya Nairobi. Hapo ndipo Bwayo na wenzake walipofungua kliniki ya kuwahudumia madereva na utingo wao.

Madereva hao walikaa majuma kadhaa mbali na nyumbani. Walilala katika vituo vilivyotapakaa kando ya barabara, na wengi wao waliugua magonjwa ya zinaa bila ya kupata tiba ya kuaminika. Kliniki iliwatibu, ikawapa ushauri na mipira ya kondomu, na kwa ridhaa yao ikachukua damu ili ipimwe.

Katika ripoti iliyochapishwa mwaka wa 1994, Bwayo na watafiti wenzake walieleza kwamba miongoni mwa wanaume 970 waliochunguzwa, zaidi ya robo walikuwa na virusi vya HIV. Takwimu hizo zilionyesha wazi jinsi virusi vilivyosafiri pamoja na bidhaa, kutoka mji hadi mji na kuvuka mipaka.

Utafiti wa namna hiyo uliendelezwa Mombasa, miongoni mwa wafanyakazi wa kampuni za uchukuzi. Mwaka wa 1999, kundi la watafiti ambalo Bwayo alikuwa mmoja wao liliripoti kuwa wanaume ambao hawakuwa wametahiriwa walikabiliwa na hatari ya kuambukizwa HIV iliyokaribia mara nne ya wenzao waliotahiriwa.

Wakati huo wengi walilitilia shaka jambo hilo, wakidai kuwa huenda ni mila na mienendo iliyoleta tofauti wala si kisu cha ngariba. Ndipo yakaandaliwa majaribio makubwa zaidi, likiwemo lililofanyiwa Kisumu. Jaribio hilo, ambalo liliongozwa na watafiti wengine, lilisimamishwa mapema Desemba 2006 kwa sababu faida ya tohara ilikuwa imedhihirika. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa tohara ya hiari mwaka wa 2008.

Kitendawili cha Majengo

Huku madereva wakifuatiliwa barabarani, uchunguzi mwingine ulikuwa ukiendelea katika mtaa wa Majengo, eneo la Pumwani jijini Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana huko na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada kuwahudumia wanawake waliofanya biashara ya ngono. Dkt Frank Plummer wa Kanada na Profesa Elizabeth Ngugi wa Kenya walikuwa nguzo za mradi huo.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1986 ulikuwa umeonyesha kwamba karibu wanawake wawili kati ya kila watatu waliofanya kazi hiyo katika mitaa ya kimaskini ya Nairobi walikuwa na virusi. Kwa hivyo wataalamu walitarajia kwamba waliosalia nao wangeambukizwa, ilmradi ni suala la muda.

Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1996, ripoti ambayo Bwayo alikuwa miongoni mwa waandishi wake ilieleza habari za wanawake 424 ambao hawakuwa na virusi walipoanza kufuatiliwa. Zaidi ya nusu yao waliambukizwa katika miaka iliyofuata. Lakini 43 waliendelea kuwa salama mwaka baada ya mwaka, ingawa walikutana na virusi mara nyingi kama wenzao.

Ili kukielewa kitendawili hicho, yafaa kukumbuka jinsi HIV inavyoshambulia. Virusi hivi huvamia seli nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo kazi yake ni kuamuru askari wengine wa mwili waingie vitani. Zikishapungua, mwili hubaki kama jeshi lisilo na makamanda, na maradhi ambayo kwa kawaida yangeshindwa hupata upenyo.

Mwili una silaha za aina mbili kuu. Ipo kingamwili, ambayo huelea katika damu na kukinasa kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Na zipo seli za T za kuua, ambazo huzisaka seli zilizokwisha kuvamiwa na kuziangamiza pamoja na virusi vilivyomo ndani. Damu ya baadhi ya wanawake wa Majengo ilikutwa na seli za T zilizokuwa tayari kuishambulia HIV, licha ya kuwa wenyewe hawakuwa wameambukizwa. Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka wa 1998, na jina la Bwayo limo miongoni mwa waandishi.

Baadaye likazuka jambo jingine la kushangaza. Mwaka wa 2001 watafiti waliripoti kwamba wachache kati ya wanawake hao waliambukizwa hatimaye, na kwamba hali hiyo ilihusiana na kuiacha au kuipunguza kazi yao kwa muda. Ilielekea kwamba kinga yao ilihitaji kukumbushwa adui mara kwa mara, na kumbukumbu hiyo ilipofifia, mlango ukafunguka. Funzo kwa mtengeneza chanjo lilikuwa zito: haitoshi kuuamsha mwili mara moja, sharti usilale tena.

Chanjo yenye asili ya Nairobi

Kutokana na siri hiyo ya Majengo, Bwayo na wenzake walishirikiana na wanasayansi Andrew McMichael na Tomas Hanke wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, chini ya ufadhili wa shirika la kimataifa la kutafuta chanjo ya Ukimwi, IAVI. Nairobi kukaundwa taasisi ya KAVI, na Bwayo akawa kiongozi wake.

Chanjo nyingi za awali zilikuwa zimelenga aina ya HIV inayopatikana zaidi Marekani na Ulaya. Hii ililenga aina ya A, ambayo ndiyo imeenea zaidi nchini Kenya. Sindano ya kwanza ilibeba vipande tu vya chembe za urithi za virusi. Ya pili ilibeba vipande hivyo hivyo ndani ya kirusi kingine kilichodhoofishwa, cha jamii ya ndui. Hakuna iliyoweza kumwambukiza mtu HIV, na lengo lilikuwa kuzifunza seli za T kumtambua adui mapema.

Uganda ilikuwa imetangulia barani Afrika kwa jaribio lake la mwaka wa 1999. Zamu ya Kenya ilifika mapema mwaka wa 2001, na mtu wa kwanza kujitolea alikuwa daktari. Kikosi cha Bwayo kilikuwa na kibarua cha kuwaeleza wananchi kwamba chanjo haileti ugonjwa, kwamba anayejitolea ana uhuru wa kujiondoa wakati wowote, na kwamba kuchanjwa si ruhusa ya kuacha kujikinga.

Mzozo wa hataza

Mwamba ngoma, wahenga walisema, huvutia kwake. Mwaka wa 2000, hata kabla ya Mkenya wa kwanza kudungwa sindano, ilibainika kwamba ombi la hataza ya chanjo hiyo lilikuwa limewasilishwa Uingereza bila ya kuwatambua watafiti wa Nairobi. Habari hiyo iliwakera wengi nchini. Damu ilikuwa ya wanawake wa Majengo na miaka ya kuwafuatilia ilikuwa ya madaktari na wauguzi wa Nairobi, lakini umiliki ulikuwa umeandikwa kwingine.

Mzozo huo ungeweza kuuvunja mradi. Badala yake pande zote zilijadiliana, na ikakubaliwa kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kiwe mmoja wa wamiliki. Kwa nchi iliyozoea kutoa sampuli na kupokea ripoti, hayo yalikuwa mageuzi makubwa.

Matokeo yasiyopendeza

Mwaka wa 2004 ukweli mchungu ulitangazwa. Chanjo ilikuwa salama, lakini iliamsha kinga kwa watu wachache mno miongoni mwa waliochanjwa, na kinga yenyewe ilikuwa hafifu. Ilibidi iwekwe kando.

KAVI haikufunga milango. Iliendelea kufanyia majaribio chanjo nyingine, ikawafunza madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara, na vituo vyake vya Hospitali Kuu ya Kenyatta na Kangemi vikazoea kufanya kazi kwa viwango vya kimataifa.

Mnamo Februari 4, 2007, Bwayo alipigwa risasi na majambazi wa kuteka magari nje ya jiji la Nairobi, akafariki. Kifo hicho kiliwashtua wanasayansi wa ndani na nje ya nchi, na kuzidisha kilio cha Wakenya kuhusu ukosefu wa usalama uliokuwa ukiwakosesha watu usingizi wakati huo.

Mwenzake wa miaka mingi, Profesa Omu Anzala, alishika usukani wa KAVI. Mwaka wa 2013 taasisi hiyo ilipanuliwa ili ishughulikie utafiti wa tiba kwa upana zaidi. Ebola ilipoitikisa Afrika Magharibi na ulimwengu ukahitaji chanjo kwa haraka, Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji iliyoweza kuifanyia majaribio, kwa kuwa watu na vifaa vilikuwepo tayari.

Kuhusu Ukimwi, majaribio makubwa ya chanjo yamevunjika moyo moja baada ya jingine, likiwemo la Afrika Kusini lililosimamishwa mwaka wa 2020. Afueni imetoka upande wa dawa. Mwaka wa 2024 ilitangazwa kuwa sindano ya lenacapavir, inayotolewa mara mbili kwa mwaka, iliwakinga wasichana na wanawake wote 2,134 walioipokea katika jaribio lililofanyiwa Afrika Kusini na Uganda. Hiyo lakini ni dawa ya kujikinga, si chanjo, na anayeiacha huacha na kinga yake.

Basi kitendawili cha Majengo bado hakijateguliwa. Alichoacha Bwayo ni kwamba anayetaka kukitegua leo hahitaji kuibeba damu ya Wakenya hadi ng'ambo na kungojea majibu. Maabara ipo Nairobi, wataalamu wapo, na katika hati za umiliki jina la Kenya lina mahali pake.