Benjamin Franklin na Alama za Umeme

Benjamin Franklin alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706, mwana wa mtengeneza mishumaa. Aliacha shule akiwa na miaka 10, akawa mpiga chapa, wala hakuacha kujifunza. Mwaka 1747 aliandika kwamba kitu chenye umeme wa ziada kipewe alama +, na kilichopungukiwa alama −. Ila kipi kina ziada, alikisia tu. Akafa mwaka 1790.

Mwaka 1897 Mwingereza J. J. Thomson alivumbua elektroni, chembe ziendazo katika waya, nazo zikaonekana ni za −. Basi Franklin alikisia kinyume. Lakini vitabu vingi vilikwisha kuandikwa, na alama zikaachwa.

Hata leo mvuvi wa Butimba atiaye betri katika kurunzi hufuata alama za Franklin. Naye hupata mwanga, kwa kuwa wote wameshika mapatano yale yale.