Kandinsky, muchoraji aliyetaka rangi ziimbe

Siku ya posho jioni, mu Buluo, gitaa likiingia mu sebene watu wanasimama na kucheza. Hakuna anayeuliza kama lile gitaa linaonyesha nyumba, muti ao mutu. Korali ikiimba Missa Katanga, ile misa ya Joseph Kiwele, hata yule asiyejua Kilatini anaguswa. Lakini mutu uyo uyo ukimuwekea mbele tablo yenye rangi na mistari tu, ulizo lake la kwanza ni: hii ni nini?

Kuko mutu aliyeishi na ulizo hilo miaka mingi. Jina lake ni Wassily Kandinsky, Murusi aliyezaliwa Moscow mu mwezi wa 12, mwaka wa 1866. Kwake, kama muziki uko na ruhusa ya kugusa moyo bila kuonyesha kitu, hakukuwa sababu ya kunyima rangi ruhusa hiyo.

Baba yake alikuwa mufanya-biashara wa majani ya chai. Kandinsky alikuwa angali mutoto wakati familia ilihamia Odessa. Wazazi wakaachana, akalelewa sana na dada ya mama yake. Ku Odessa njo alijifunza kupiga piano na selo, ile violoni kubwa inayopigwa mutu akiwa amekaa. Lakini masomo yake ya universite yalikuwa ya sheria na uchumi, na ku miaka 30 alipewa kazi ya kufundisha sheria mu universite ya Dorpat. Kazi nzuri, mushahara wa hakika. Akaikataa.

Mambo mawili yalikuwa yamemuvuruga. La kwanza, ilikuwa tablo ya Mufaransa Claude Monet, yenye kuonyesha lundo la nyasi kavu. Kandinsky aliitazama ku maonyesho ya Moscow bila kutambua kile kilichochorwa, mupaka aliposoma katalogi. Lakini tablo yenyewe haikutoka tena mu kichwa chake. La pili, ilikuwa opera ya Wagner inayoitwa Lohengrin. Violoni na tarumbeta zilipolia, aliona rangi zote anazojua zikipita mbele ya macho, na mistari ikikimbia kama ya mwenda wazimu. Mu mwaka wa 1896 akafunga safari ya Munich, ku Ujerumani, kuanza kujifunza kuchora pamoja na vijana waliokuwa wadogo kwake.

Miaka ya kwanza alichora farasi, milima na nyumba za vijiji, sawa wengine. Kisha, jioni moja, aliingia mu atelie yake wakati mwangaza umepunguka, akaona ku ukuta tablo ya ajabu, yenye rangi tu, isiyo na kitu cha kutambua. Kumbe ilikuwa tablo yake mwenyewe, imesimamishwa kwa upande. Kesho yake asubuhi, alipotambua vitu vilivyochorwa mule, ule utamu haukurudia. Akaelewa kwamba ni vile vitu vyenyewe vilivyokuwa vinamuharibia kazi.

Mwanzo wa mwezi wa kwanza 1911, Kandinsky na marafiki wake wachoraji walienda ku konseri mu Munich. Walipiga muziki wa Arnold Schönberg, mutu wa Vienna, muziki uliokuwa unaachana na kanuni za zamani za sauti kupatana. Watu wengi wa wakati huo waliuona kuwa makelele. Kandinsky alirudi nyumbani, na siku zilizofuata akachora tablo aliyoiita Impression III (Konzert). Kwa juu kuko umbo jeusi kubwa, njo piano. Chini, vichwa vya wasikilizaji vimekuwa alama tu. Na rangi ya manjano imemwagika upande mumoja mupaka karibu ijaze tablo yote. Hakuchora wanamuziki, alichora kile sauti iliwafanyia wale waliokaa pale.

Akamuandikia Schönberg barua, na urafiki ukaanza. Mwisho wa mwaka uleule alitoa kitabu juu ya mambo ya roho mu sanaa. Mule alieleza vile alisikia rangi: bluu ya mwangaza kama filimbi, bluu nzito kama selo, ile ya mwisho kabisa kama kinanda cha kanisa, manjano kama tarumbeta, nyeupe kama kimya chenye kungoja kitu, nyeusi kama kimya cha mwisho. Tablo zake pia alizipa majina ya wanamuziki: kubwa zaidi, kumi kwa jumla, aliziita Komposisyo.

Vita vya 1914 vilimufukuza Ujerumani, juu alikuwa Murusi. Alimuacha Gabriele Münter, muchoraji aliyeishi naye miaka mingi, ambaye alimuahidi ndoa. Mu 1917, ku Moscow, Kandinsky alioa Nina, binti mwingine. Mutoto wao mumoja tu alikufa mu 1920 akiwa angali mudogo.

Aliporudi Ujerumani na kufundisha ku shule ya Bauhaus, mu 1923 alimuita Schönberg aje kuongoza shule ya muziki mu Weimar. Schönberg, aliyekuwa Muyahudi, alikuwa amesikia kwamba Kandinsky na wenzake wanasema vibaya juu ya Wayahudi. Akakataa kwa barua yenye uchungu. Jibu la Kandinsky halikuponya kidonda, na ule urafiki haukusimama tena sawa zamani.

Mu 1928, ku Dessau, alipanga mu teatro muziki wa Mussorgsky, ambao wenyewe ulitungwa juu ya picha za Murusi mwenzake, Viktor Hartmann. Picha zilikuwa zimekuwa muziki. Kandinsky akaurudisha muziki mu rangi, kwa maumbo na mataa yaliyotembea ku jukwaa.

Wanazi walipochukua utawala, Bauhaus ikafungwa mu 1933, na Kandinsky akakimbilia Ufaransa, karibu na Paris. Tablo zake 57 ziliondolewa mu nyumba za makumbusho za Ujerumani. Mu 1937 zingine zilitundikwa mu Munich, muji uleule wa konseri, mu maonyesho yaliyopangwa ili watu wazicheke. Alikufa ku Neuilly-sur-Seine tarehe 13 Desemba 1944.

Ile tablo ya manjano ilibakia. Münter, yule aliyeachwa, alificha kazi nyingi za Kandinsky mu nyumba yake ku Murnau wakati wa Wanazi. Kama zingepatikana, zingenyanganywa. Mu 1957, alipofikisha miaka 80, alizipatia muji wa Munich, na Konzert ilikuwa ndani. Mupaka leo iko kule, mu makumbusho ya Lenbachhaus. Anayesimama mbele yake na kuuliza hii ni nini, atapata jibu fupi: ni jioni moja ya muziki, wakati piano ilikuwa inalia.